Utamaduni wa taifa unalindwaje, na ulinzi huo unamwangukia nani?

Ingia saluni yoyote ya Mwanjelwa, Mbeya, saa za mchana, au keti kwenye mgahawa wa Ipogolo, Iringa, ukisubiri basi. Televisheni ya ukutani huenda inamwonyesha mama mkwe wa Kituruki akimsuta mkaza mwanawe kwa Kiswahili sanifu kuliko cha wasukaji wanaomtazama. Sasa tafuta kwenye king'amuzi hicho hicho kipindi kimoja cha Kisafwa, lugha ya watu ambao jiji la Mbeya limesimama juu ya mashamba yao. Utatafuta sana. Wengi huyaona mambo haya kuwa habari mbili: moja ya wageni kutuingilia, nyingine ya mila kufifia zenyewe. Kwangu ni habari moja, na inaanzia kwenye swali la nani anashika mlingoti wa kurushia matangazo na nani anamlipa msanii.

Nchi inaposema inalinda utamaduni wake dhidi ya vyombo vya nje, huwa inafanya moja kati ya mambo matatu. Inakataza vya wageni. Inavilazimisha vituo virushe kiasi fulani cha kazi za nyumbani. Au inatoa fedha ili kazi za nyumbani zitengenezwe. Majukwaani yote matatu huitwa kwa jina moja, "kulinda maadili na utamaduni wetu", na hapo ndipo mjadala huanza kupotea njia, kwa sababu kila moja lina gharama zake na kila moja humgusa mtu tofauti.

Tanzania imewahi kuyafanya kwa pamoja. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Hoja yake ilikuwa kwamba dhambi kubwa ya ukoloni ilikuwa kumfanya Mwafrika aamini kuwa hana utamaduni wake. Mwaka 1967 sheria ikaunda BAKITA ili kusimamia Kiswahili. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ukaanza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vikawa adui wa taifa. Novemba mwaka huo huo muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya mkuu wa mkoa.

Amri za namna hiyo zilikuwa na nguvu kwa sababu njia za kupitishia sauti na picha zilikuwa chache na zote mkononi mwa serikali. Redio ya Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Televisheni Bara haikuwepo kabisa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tukasubiri hadi 1994. Mtu wa Makete aliyetaka kusikia kilichokatazwa ilimbidi avute masafa mafupi usiku au apate santuri kwa ndugu aliyetoka migodi ya Zambia. Wachache waliweza, na serikali haikuhitaji kuwazuia wote.

Upande wa pili wa enzi hiyo hutajwa kwa nadra tunapoikumbuka. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, jeshi na polisi walikuwa na bendi, na Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi. Shirika lilinunua magitaa na spika na kulipa mishahara, na RTD ikarekodi nyimbo katika studio yake na kuzirusha nchi nzima. Hiyo ndiyo ruzuku, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Ukimuuliza mzee wa Kihesa, Iringa, anachokikumbuka kutoka zama za kulinda utamaduni, hatakutajia marufuku ya mawigi. Atakuimbia Tancut.

Na Tancut yenyewe ni fundisho. Waimbaji wake wawili waliotamba zaidi, mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, walitoka Kongo, na muziki wenyewe ulikuwa rumba, iliyokwisha kuvuka Atlantiki kwenda Cuba na kurudi. Hakuna aliyesema Iringa imevamiwa. Walikuja wakaajiriwa, wakaimba kwa Kiswahili, nyimbo zao zikawa zetu.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu vituo binafsi, na mwaka uliofuata ITV na Radio One zikawa hewani. Katika muongo huo huo mashirika ya umma yakabinafsishwa au kufa, na bendi zao zikaenda nayo. Serikali ikawa imeachia vitu viwili kati ya vitatu: mlingoti umepata wenye wengine, na mwajiri wa msanii hayupo tena. Kilichobaki mkononi ni katazo.

Hapo ndipo mkanganyiko wa leo ulipozaliwa. Vyombo vya kukataza viliendelea kukua: Bodi ya Filamu kwa sheria ya 1976, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kwa sheria ya 1984, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) tangu 2003, na juu yake kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018. Lakini chombo cha kukataza kinaweza kumshika tu yule aliye karibu nacho, mwenye ofisi mtaani, leseni ukutani na namba ya mlipa kodi. Mtengenezaji wa filamu wa Seoul au Los Angeles hana hata kimoja kati ya hivyo hapa nchini.

Mwaka 2018 ulionyesha hilo waziwazi. Novemba BASATA iliufungia wimbo wa Rayvanny, kijana wa Mbeya, alioimba na Diamond Platnumz, kwa sababu ya maneno yenye kuashiria ngono. Desemba, baada ya kuuimba jukwaani, wote wawili wakazuiwa kufanya maonyesho. Januari 2019 zuio likaondolewa. Unaweza kuona baraza lilikuwa sahihi kuhusu wimbo ule, na mimi sina haja ya kuutetea. Lakini wiki hizo hizo video za Marekani na Nigeria zenye mambo hayo hayo, na zaidi, zilikuwa zinapatikana kwa kila mwenye bando pale Kabwe, Mbeya. Katazo lililokusudiwa kulinda utamaduni wa Mtanzania liliwapunguzia kazi Watanzania wawili wanaoimba kwa Kiswahili.

Kanuni za mtandaoni zilikwenda njia hiyo hiyo. Mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alitakiwa, chini ya kanuni za 2018, alipe karibu shilingi milioni 2.1 kwa ombi, leseni na ada ya mwaka wa kwanza. Kijana wa Njombe anayerekodi ngoma za Wabena kwa simu na kuziweka mtandaoni ndiye aliyekuwa na hofu. YouTube haikuwa na hofu yoyote. Na Oktoba 2023 TCRA ilipowataka watumiaji wa VPN, programu za kukwepa vizuizi vya mtandao, wajisajili, ilikuwa inakiri bila kusema kwamba watu wameshapita dirishani.

Basi turudi kwenye njia ya pili, ya kulazimisha kiasi cha kazi za nyumbani. Ndiyo inayopigiwa debe zaidi na wasanii wetu. Mfano unaotajwa kila mara ni Ufaransa: tangu 1996 redio zake za muziki zinatakiwa nyimbo 40 kati ya kila 100 ziwe za Kifaransa. Kanada ilianza mwaka 1971 kwa asilimia 30 na baadaye ikapanda hadi 35. Jirani zetu Zambia walikwenda mbali kuliko wote: katikati ya miaka ya 1970 Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia, na vijana wa Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba, waliokuwa wakiiga roki ya Waingereza wakajikuta wanatunga yao, nyingine kwa Kibemba. Amri ile ilikuta bendi tayari zipo zinasubiri nafasi.

Bila hiyo akiba ya kazi, mgao huwa adhabu. Afrika Kusini mwaka 2016 shirika la utangazaji la SABC liliamka siku moja na kutaka asilimia 90 ya muziki wa vituo vyake uwe wa nyumbani. Wasikilizaji wa baadhi ya vituo wakahama, matangazo ya biashara yakawafuata, na mwaka uliofuata agizo likafutwa. Ufaransa nayo iligundua kwamba redio zilikuwa zinatimiza asilimia 40 kwa kurudia nyimbo zile zile chache zilizovuma, hata mwaka 2016 sheria ikabidi irekebishwe ili marudio ya kupita kiasi yasihesabiwe. Mwenye kituo huwa anatafuta njia nafuu ya kutii, na anayo kila siku.

Kuna na lile tatizo la nani ahesabiwe wa nyumbani. Mapema miaka ya 1990 nyimbo za Bryan Adams, mzaliwa wa Ontario, zilishindwa mtihani wa Ukanada kwa sababu alizitunga akishirikiana na mtu wa nje. Wakanada walicheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Jaribu kuipitisha Tancut Almasi kwenye mtihani huo: mwajiri Mtanzania, lugha Kiswahili, studio ya Dar es Salaam, waimbaji Wakongo, mdundo wa rumba. Kuna wimbo wa Iringa zaidi ya huo?

Sababu ya mgao kutotosha iko kwenye hesabu ya fedha, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kutengeneza sehemu ya kwanza ya tamthilia kuna gharama kubwa: waigizaji, kamera, taa, usafiri, chakula cha watu wote hao. Kuitoa nakala ya kumuuzia mtu wa pili ni karibu na bure. Mturuki au Mkorea ameshairudisha gharama yake nyumbani kwake, kwenye soko la mamilioni ya watazamaji na watangazaji wa biashara wenye fedha. Anapokuja kuuza kwetu, bei yoyote kwake ni faida. Kituo cha Mbeya kikilinganisha bei hiyo na gharama ya kupeleka kundi la waigizaji Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kwa wiki tatu, hakihitaji kuuchukia utamaduni wake ili kuchagua cha nje. Kinahitaji tu kujua kujumlisha.

Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizokuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Mitandaoni wengi waliwajibu kwa dhihaka: tengenezeni filamu nzuri tutanunua. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Filamu zilikuwa dhaifu kwa sababu zilitengenezwa kwa siku chache kwa fedha kidogo, na fedha ilikuwa kidogo kwa sababu nakala ya filamu ya kigeni, tena ya wizi, ilikuwa imekaa kwenye meza hiyo hiyo kwa bei ndogo zaidi.

Wanaopenda katazo hupenda kuitaja Korea Kusini, na ni kweli ilikataza. Nyimbo na filamu za Japani zilikuwa marufuku huko hadi 1998, na kumbi za sinema zililazimika kuonyesha filamu za Kikorea siku 146 kwa mwaka. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1998 Rais Kim Dae-jung alianza kuifungulia milango Japani, mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya kukuza viwanda vya utamaduni, na mwaka 2006, wakitaka mkataba wa biashara na Marekani, wakazikata zile siku 146 hadi 73. Tamthilia zao zilizofika Mwanjelwa zilienea wakati makatazo yanalegezwa na fedha za kuzalisha zinaongezwa. Atakayesema katazo ndilo lililozaa hayo yote ana kazi ya kueleza kwa nini mavuno yalikuja baada ya ua kubomolewa.

Na kile Kiswahili cha mama mkwe wa Kituruki? Hapo kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote. Wananchi walianza kuutafuna ugeni wenyewe kabla ya shirika lolote. Kwenye vibanda umiza vya miaka ya 2000, filamu za Kihindi, Kichina na Kinigeria ziliwekwa na mtafsiri mwenye maikrofoni juu yake, Lufufu akiwa jina lililotangulia wengine katika kazi hiyo. Watafsiri hawa hawakufasiri tu. Walibandika majina ya mitaa, walimkejeli shujaa, walitabiri msala kabla haujafika, mpaka Jackie Chan akawa kama mtu wa Soweto ya Mbeya. Kisheria kazi ile ilikuwa na matatizo mengi. Kiutamaduni, ugeni uliingia kibandani ukatoka umevaa kienyeji.

Lakini tusijidanganye kwamba kila sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya nje ni ushindi wetu. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam Machi 2013 kama ushahidi wa urafiki. Nyuma yake ulikuwa mpango wa serikali ya China wa kuitangaza China. Yaani sehemu ya Kiswahili kizuri tunachokisikia hewani ni matunda ya sera ya utamaduni ya taifa jingine. Waigizaji wa sauti wa Dar es Salaam wanapata riziki, jambo jema. Hadithi inayosimuliwa inabaki ya kwao.

Nyanda za Juu Kusini zina ushahidi wa zamani kwamba kukopa hakuui. Nenda kwenye msiba wa Wamoravian wa Rungwe usikie tarumbeta. Zililetwa na wamisionari wa Kijerumani, waliofika Rungwe mwaka 1891 na ambao ngoma za wenyeji waliziona kuwa upagani. Leo ukimwambia mama wa Tukuyu kwamba tarumbeta ni za kigeni atakushangaa. Baba yake alizikwa nazo. Telemka kando ya Ziwa Nyasa ukutane na mganda, wanaume wakiwa kwenye safu, kaptula na soksi nyeupe, wakipuliza vibuyu. Asili yake ni gwaride na bendi za askari wa kikoloni, zilizoigwa, zikachezewa na kukejeliwa hadi zikawa ngoma. Leo mganda hutumbuiza kwenye sherehe za kitaifa kama utamaduni halisi, na ni halisi kweli.

Kwa hiyo tunapolinda "utamaduni wa taifa", tunalinda nini hasa? Mchakato wa vazi la taifa umeanza na kusimama zaidi ya mara moja, na atakayelipata aje alijaribu kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba kabla ya kulitangaza. Jibu ambalo serikali zetu zote zimelishikilia bila kuyumba ni Kiswahili, na sina ugomvi nalo. Kinachosahaulika ni kwamba jibu hilo lilikuwa na gharama, na waliolipa wako huku.

Masharti ya utangazaji yanataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Hofu ya ukabila ndiyo iliyozaa sharti hilo, nayo si hofu ya kubeza. Rwanda ya 1994 iliifundisha Afrika redio inaweza kufanya nini. Ila tazama matokeo yake mpakani. ZNBC, shirika la utangazaji la Zambia, hutangaza kwa lugha saba za wenyeji, na Kibemba ni mojawapo. Mkazi wa Tunduma mwenye redio ndogo anaweza kuamka na taarifa za Kibemba kutoka upande wa pili wa uzio, lakini kituo cha upande wake hakitamsomea taarifa kwa Kinyamwanga wala Kinyiha. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Uliwaacha Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, Malawi, wanaoelewana lugha, kila mmoja na taifa lake.

Kwa bibi wa Lwangwa kule Busokelo, basi, Bongo Fleva ya Sinza na tamthilia ya Istanbul vyote vinatoka mbali, na vyote viwili vinasema Kiswahili. Aliyenyamazishwa hewani ni yeye, na hakunyamazishwa na Hollywood. Katika kuilinda nyumba dhidi ya wageni, tulimfungia nje na mwenye chumba cha uani.

Linabaki la fedha, na hapa Ufaransa ina somo linalofaa kuliko lile la asilimia 40. Tangu 1946 ina taasisi ya taifa ya sinema, CNC, inayokata sehemu ya kila tiketi ya sinema, na siku hizi inachukua pia kwa vituo vya televisheni na majukwaa ya video ya mtandaoni. Mfaransa akienda kutazama filamu ya Marekani, sehemu ya tiketi yake inakwenda kutengeneza filamu ya Kifaransa. Mgeni hazuiwi mlangoni. Anachangia chakula.

Tanzania imeshapata nusu ya utaratibu huo labda bila kukusudia. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali hapa zinatozwa kodi ya asilimia 2 ya mapato yao. Fedha hiyo inaingia kwenye mapato ya kawaida ya serikali. Haijatengwa kwa ajili ya sanaa. Tunao pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na njia yake kuu ya kusaidia ni mikopo. Mkopo unamfaa msanii wa Dar es Salaam mwenye nyimbo zinazoingiza fedha mtandaoni kila mwezi, kwani ana cha kurejesha. Kikundi cha ngoma cha Busokelo, chenye wazee wanaolipwa soda na nauli kwenye mbio za mwenge, hakina mapato ya kukatwa wala hati ya nyumba ya kuweka rehani. Kwa wazee hao kinachohitajika ni ruzuku, kama ile ya kiwanda cha almasi: ngoma mpya zikichoka ngozi, mtu wa kurekodi mwenye vifaa, na saa moja kwa wiki kwenye redio ya mkoa, kwa lugha wanayoimbia. Fedha ya kuanzia inaweza kutoka kwenye hiyo asilimia 2. Ile saa moja ya hewani haihitaji fedha yoyote, inahitaji tu kanuni ya lugha iandikwe upya.